Kwa Mwalimu Honoratha wa Morotonga, Aliyetuuliza Tumeona Nini

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya mvua pale Mugumu, kiganja chako kikiwa ndani ya kiganja cha Baba. Mahindi uliyoyaacha yakiwa machanga tuliyavuna. Tukapanda mengine, nayo tukayavuna. Sasa shamba limechipua tena, na kila asubuhi Baba anapita kwenye mistari aking'oa magugu kwa mkono, polepole, kama mtu asiyetaka kazi iishe.

Wengi watakaosoma maneno haya hawakukufahamu. Tutawasimulia kidogo, nawe utusikilize. Tukikosea mahali, tusahihishe kwa ile kalamu yako nyekundu, halafu utupe alama ya kupita, maana wanao hukuwahi kutufelisha ingawa mara nyingine tulistahili.

Ulizaliwa Muleba, ukaja Tarime ungali binti, mwalimu mpya mwenye sanduku la bati na gunia lililolowa maji. Watu wa Matongo, kijiji ulichopangiwa kufundisha, walidhani gunia lina viazi. Kumbe ni machipukizi ya migomba kutoka shambani kwa mama yako. Mwalimu mkuu alikuonea huruma, akakuambia, "Binti, huku ni nchi ya ng'ombe na dhahabu. Hizo ndizi zitakufa." Ukamjibu, "Shikamoo, Mwalimu. Zikifa, nitakuwa nimejaribu." Hazikufa. Uliinywesha migomba yako maji ya kuoshea vyombo, maji ya kufulia, hata maji uliyooshea mchele, na wanawake kisimani wakakupa jina: mwalimu anayeogesha migomba. Ndizi zilipoiva ukawapelekea wote waliokucheka, na hapo wakaanza kukuuliza unaiogeshaje.

Baba yetu, Mseti Nyamhanga, alikuwa kijana wa kupeleka maziwa kwa baiskeli kwenye nyumba za walimu. Shule aliiacha darasa la nne, ng'ombe wa baba yake walipokosa mchungaji. Siku ya kwanza aliposimama mlangoni kwako na dumu lake, ulipokea maziwa ukamuuliza, "Njiani umeona nini?"

Baba aligeuka akatazama nyuma. Alidhani kuna mtu anamfuata. Alipoona hakuna, akasema, "Nimeona njia, Mwalimu."

Anasema ulicheka mpaka maziwa yakamwagika, na kwamba kesho yake aliporudi, hakurudi kwa sababu ya maziwa. Tangu hapo alikuita Mwalimu. Mji mzima ulikuita Mama Rhobi. Mumeo alikuita Mwalimu, hata siku mlizogombana, na siku hizo ndipo alipolitamka kwa adabu zaidi.

Mlipohamishiwa Serengeti na kujenga hapa Morotonga, swali lile likawa kama sala ya pili ya chakula. Kabla ya mtu kumega tonge, kila mmoja, Baba na sisi wanao watatu, ilibidi aseme kitu kimoja alichokiona siku hiyo. Kisiwe kikubwa, ulisema, kiwe cha kweli. Rhobi aliwahi kuleta habari ya nyuki aliyekunywa maji kwenye ukingo wa ndoo huku mkia wake ukipanda na kushuka. Agape alisema kivuli cha bendera ya shule kinapotea saa sita. Gasto, kwa kuwa ni Gasto, alisema ameona simba nyuma ya zahanati. Hukumkemea. Ulimuuliza manyoya ya shingo yalikuwa ya rangi gani, alinuka nini, alipogeuka aligeukia upande upi, mpaka Gasto mwenyewe akachoka akasema, "Basi, Mama, alikuwa mbwa."

"Mbwa wa namna gani?" ukauliza.

Na hapo ndipo Gasto alipotusimulia habari nzuri kuliko ile ya simba, ya mbwa mwenye sikio moja aliyekuwa akimngojea mgonjwa nje ya mlango.

Ikifika zamu ya Baba, jibu lilikuwa moja. "Nimeona ng'ombe." Jioni nyingine aliongeza, "Walewale." Tulicheka, nawe ukacheka, na ugali ukaliwa. Maisha yetu yalikuwa hivyo, na hatukujua kwamba yana utajiri wowote. Vitabu vyako vilikaa kwenye rafu uliyoitengeneza kwa mbao za mzinga wa nyuki uliovunjika, kwa hiyo hewa ikiwa na unyevu kila kitabu kilinukia nta. Shati la Baba likichakaa lilikuwa mfuko, na mfuko ukichakaa ulikuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Maganda yalikwenda shimoni kuwa mboji, magunzi yakaingia kwenye jiko lile la udongo ulilolifinyanga mwenyewe ili lile kuni chache. Hukutuhubiria. Ulikishika tu kitu mkononi, ukakigeuza, ukasema, "Hiki bado kina kazi."

Kisha yakaja ya macho.

Yalianzia pembeni. Ulimwaga chai nje ya kikombe, ukajigonga kwenye mlango uliokuwa wazi, ukasema ni miwani. Ulipoanza kuwaomba wanafunzi wakusomee ubao ulioandika mwenyewe, mwalimu mwenzako Erasto alikuja nyumbani akaongea na Baba pembeni. Gasto akakupeleka Mwanza. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, hata mwanga wa dirishani uliacha kuuona, na ualimu ukauacha.

Wakati huo Rhobi alikuwa muuguzi Bunda, Gasto yuko kazini Mwanza, Agape yuko bweni. Nyumbani mlibaki wawili. Wewe uliyekuwa ukitembea kwa miguu mpaka nje ya mji kutazama korongo wakicheza majarubani, sasa ulikaa kwenye kiti, uso ukiuelekea ukuta. Teresia, jirani yetu, alikuletea uji wa ulezi, ukapoa mkononi mwako. Rhobi alitaka awe anakusomea kwa simu kila jioni. Ulimwambia, "Mwanangu, usininusishe chakula ambacho siwezi kula." Hakurudia kukuomba.

Swali la jioni halikuulizwa tena. Na hapo, Baba anasema, ndipo likamtokea jambo asilolitegemea. Alikuwa akila kimya, akahisi kuna kitu kimemkwama, akadhani ni mfupa wa samaki. Haukuwa mfupa. Alikuwa na jibu. Mchana alikuwa amemwona mwanakondoo akimkimbiza kunguru, akasimama kutazama mpaka mwisho, na sasa alikuwa mezani na habari yake na hakuna aliyemuuliza. Akala. Kesho yake akawa na jibu lingine. Akala tena. Siku zilivyokwenda, anasema, majibu yalimjaa mpaka akaanza kuwasimulia ng'ombe.

Jioni moja alirudi kutoka malishoni na kitu ndani ya kofia. Akakiweka mapajani mwako bila neno.

"Nini hiki?"

"Wewe ndiye Mwalimu. Sema wewe."

"Mseti, niache."

"Nikuache niende wapi? Ng'ombe wameshaingia zizini."

Baba alikaa kwenye kigoda akasubiri. Anasema hajawahi kusubiri kitu namna ile, hata ng'ombe anayezaa. Mwishowe vidole vyako vikaanza kutembea juu ya kile kitu, vikapita kwenye nyasi zilizosukwa, vikazunguka, vikapata tundu upande wa chini, vikaingia. Ndani kulikuwa na manyoya.

"Kiota cha mnana," ukasema. "Kimeanguka, au umekiangua?"

"Kimeanguka. Ule upepo wa jana."

"Kilikuwa mti gani?"

Baba hakujua. "Mti," akasema.

"Mti gani, Mseti?"

"Mwalimu, mti ni mti."

"Mti si mti. Una miiba? Una majani mapana? Kiota kilikuwa peke yake, au vilikuwa vingi pamoja?"

Baba, aliyepita chini ya mti ule maisha yake yote ya Morotonga, hakuweza kujibu hata swali moja. Asubuhi yake, kabla ya kukamua, alirudi kuutazama. Akaja na kijiti mkononi, akakuwekea kidoleni taratibu kwa sababu ya miiba. "Ni mgunga," akasema. "Viota ni vingi, na vyote viko upande mmoja."

"Upande upi?"

"Wa machweo. Nilijua tu utauliza."

Siku hiyo ulikigeuza kiti.

Tangu hapo Baba akawa mtu wa kuleta. Alileta gome linalonukia, jiwe lililotobolewa na maji, habari za kunguru aliyeiba sabuni ya Teresia na kwenda kuificha kwenye paa la kanisa. Alijifunza kutazama kwa namna uliyotaka wewe, yaani mpaka mwisho, kwa sababu asipotazama mpaka mwisho utamrudisha. Wachungaji wenzake walimkuta amechuchumaa mbele ya kichuguu, wakamuuliza amepoteza nini. "Sijapoteza," akawaambia. "Nimetumwa."

Vitabu vilikuwa mlima mwingine. Baba alijua kuandika jina lake na kusoma ujumbe wa simu, na hata huo aliusoma huku midomo ikicheza. Hakukuomba ruhusa. Alisubiri ulale mchana, akachukua kitabu chembamba kuliko vyote kwenye rafu, akaenda nacho malishoni kufanya mazoezi. Alitusimulia mwenyewe kwa nini aliwachagua ng'ombe: hawacheki, na hawasahihishi. Alifanya hivyo siku nyingi. Kisha jioni moja akajikohoza, akafungua, akaanza.

"A-li-po-fi-ka… alipofika mtoni… a-ka-mku-ta… akamkuta mchimba wake analia."

Ukainua kichwa. "Akamkuta nani?"

"Mchimba wake."

"Mchimba gani?"

Baba akautazama tena ukurasa, akausogeza kwenye taa. "Hawajasema," akajibu. "Labda ni wale wa dhahabu, wa kule Matongo."

Halafu, Mama, kikaja kile kicheko chako ambacho nyumba ilikuwa imekisahau. "Mchumba, Mseti!" ukasema huku ukishika mbavu. "Mchumba wake!"

"Hata mimi nilishangaa," akasema Baba. "Mchimba analia nini mtoni?"

Teresia alisikia sauti kutoka kwake, akadhani ni msiba. Aliruka ua akaingia bila hodi, mwiko ukiwa bado mkononi. Akawakuta mnafuta machozi, wewe na mumeo, na kitabu kimeanguka sakafuni. Alisimama pale, hakujua acheke au aondoke, akaishia kukaa. Ndiye msikilizaji wenu wa kwanza.

Sasa tufike kwa baba yetu mkubwa, Simioni. Ametupa ruhusa tuyaandike haya, tena kasema tusipunguze.

Alikuja kutoka Tarime kwa basi, amevaa koti, na koti lilikuwa dalili ya maneno mazito. Alimsalimu Baba, akauliza habari za ng'ombe, akaomba waongee pale nje ya zizi. Hakujua kwamba zizi liko chini ya dirisha lako, na kwamba mtu asiyeona husikia.

"Mura," akasema, neno la Kikurya la kumwita kijana, "mkeo ni mtu mzuri, hakuna anayebisha. Lakini nyumba hii haina mikono. Oa mwingine. Hata huyu Mama Rhobi atapata wa kumpikia. Kuna binti wa watu nimeshamwona, mchapakazi, hana maneno."

Baba akaendelea kufunga kamba ya ndama.

"Halafu jambo la pili. Watu wanaongea."

"Wanasema nini?"

"Kwamba Mseti anamsomea mke hadithi. Kama mtoto wa shule."

"Basi wanasema kweli."

Ulituambia baadaye, Mama, kwamba pale dirishani ulikuwa umeshaandaa jibu lako. Ulikuwa unatoka kwenda kumwambia Baba akubali. Ulikuwa umeshashika fimbo, umeshaupata mlango kwa mkono. Ulisema hukuwa na hasira, ila miguu ilikuwa mizito. Ndipo ukamsikia.

"Kaka," alisema Baba, "yule ng'ombe mwekundu unamwona? Tazama ubavuni. Ana doa limekaa kama ziwa, na ndani ya ziwa kuna kisiwa. Nimemzalisha mimi, nimemchunga mimi, na doa hilo nimeliona mwezi uliopita. Unajua kwa nini nimeliona? Nilitakiwa nimsimulie mtu. Sasa mtu huyo unataka nimpe pole, nimweke kwenye kona?"

Simioni alimtazama ng'ombe. Anakiri kwamba alimtazama kwa muda, na kwamba kisiwa kilikuwapo.

"Ingia ndani unywe chai," akasema Baba. "Na kitabuni tumefika pabaya, sitaki kulala bila kujua."

Wewe ulirudi kitini upesi, ukajifanya hukusikia lolote. "Shikamoo, shemeji," ukasema. Alikaa kwenye kochi na koti lake, mikono ameikunja, uso ameukaza kama hakimu. Baba akasoma. Wakati huo alikuwa amekwisha kuzoea, maneno marefu tu ndiyo yalimsumbua, nawe ulimsaidia bila kumwaibisha. Ulikohoa kidogo, akajua arudie. Alisoma mpaka mwisho wa sura, akafunga kitabu.

Simioni akakohoa. "Kwa hiyo," akasema, "anamwacha pale ng'ambo ya mto?"

"Kesho," akasema Baba.

"Mimi kesho nina basi la asubuhi."

"Basi safari njema, kaka."

Basi la asubuhi liliondoka bila yeye. Hata la kesho kutwa. Na habari ya yule binti mchapakazi hatukuisikia tena. Tumeambiwa kaolewa Sirari na ana duka.

Watu wakaanza kuja. Alianza Teresia, akamleta dada yake, na Erasto akaanza kupita akitoka shuleni. Kwa kuwa mtu mzima anaona haya kukaa bure akisikiliza hadithi, wanawake walikuja na mabeseni ya mahindi wakawa wanapukuchua huku wakisikiliza, na wanaume wakaja na kamba za kusuka. Ukawa mwalimu tena. Ulimsimamisha Baba katikati ya sentensi ukauliza, "Teresia, wewe ungemsamehe?" na Teresia akasema asingemsamehe hata kidogo, na yule wa kamba akasema angemsamehe ila asingemkopesha, na pale mahindi yakasahauliwa. Kabla ya watu kuondoka, kila mmoja alisema alichokiona siku hiyo. Morotonga nzima ilijua. Tumekutana na watu sokoni Mugumu waliotuambia, "Mama yenu amenifanya nishindwe kwenda kisimani moja kwa moja. Kila kitu nasimama."

Mwaka ule mvua iliupasua ukuta wa mbele. Baba alitaka kuupaka saruji. Wewe ukasema ukuta ni wako. Udongo mwekundu ulikuja kutoka Kisaka nyuma ya bodaboda, ule mweupe ulitoka kingo za mto, na samadi haikuwa na shida, walewale ng'ombe walitoa. Agape alikuwa likizo, akakushikia ndoo. Uliusugua udongo kati ya vidole ukajua kila kitu: huu una mchanga mwingi, huu umelala, huu tayari. Mkausiriba ukuta, na kabla haujakauka ukachora kwa vidole, mistari yenye kina, ili uweze kuupapasa baadaye. Ulichora migomba. Ulichora mnana na kiota chake. Ulimchora ng'ombe mwekundu na ziwa lake ubavuni. Ulimchora korongo, na korongo akapata miguu mitatu.

"Mama," Agape akakuambia kwa upole, "mguu mmoja umezidi."

"Haujazidi," ukasema. "Huyo anatembea."

Jioni tulikukuta umesimama pale, viganja vyote viwili ukutani, unasoma. Waendesha bodaboda mpaka leo wakipita na abiria hupunguza mwendo. Agape anasomea ualimu wa sanaa. Anasema aliamua siku ile, ndoo ikiwa mkononi, na hakutuambia kwa kuogopa Gasto atamcheka. Gasto kweli alicheka, halafu akamnunulia rangi.

Hukupata kuona tena, na hatutadanganya kwamba hukusikitika. Kuna asubuhi uliamka ukasema umeota rangi ya kahawa ikiiva kwenu, na siku hiyo ilikuwa ndefu. Lakini ulimwambia Rhobi, mlipokuwa mkichambua mchicha, "Nilidhani nimefungiwa nje ya nyumba. Kumbe milango ni mingi." Rhobi alilitunza neno hilo. Huwa anawaambia wagonjwa wake, ila hasemi amelitoa wapi.

Mwaka jana mvua za vuli zilipoanza, kifua kikakubana. Tulikupeleka hospitali, na tunawashukuru waliokuhudumia, walifanya wote kadiri ya uwezo wao. Asubuhi ile Baba alikuwa ameketi kando ya kitanda akikueleza jinsi maji yalivyokuwa yakishuka kutoka kwenye bati, kwamba kila bonde la bati lina uzi wake, na kwamba uzi mmoja umekatika kwa sababu kuna jani limeziba. Ulikuwa ukimbana kidole kuonyesha unasikia. Ikafika mahali hukubana tena. Alielewa. Lakini aliendelea kusema mpaka mwisho wa lile alilokuwa akilisema, kwa kuwa hakutaka kukuachia habari nusu.

Baada ya mazishi rafu ilikaa kimya. Mahindi yalipokauka Teresia alikuja na beseni lake kama zamani, akaketi, akapukuchua peke yake, kisha akasema, "Baba Rhobi, na sisi je?"

"Sina sauti, mama," akasema Baba.

Hakumsukuma. Alipukuchua mpaka akamaliza, akaaga.

Mwezi wa sita Rhobi na mumewe Danford walipata mtoto wa kike, wakampa jina lako. Ana sauti. Baba alimbeba, akamtazama kwa muda mrefu, akatuambia kwamba sikio la kushoto limekaa juu kidogo kuliko la kulia. Mama mzazi mwenyewe alikuwa hajaliona.

Muda si mrefu dada yako Editha akampigia Baba simu. "Shemeji," akasema, "umekaa na mtu wetu maisha yote, na hujawahi kuona alikotoka. Njoo." Baba alikuwa hajavuka Mwanza tangu azaliwe. Akaenda Muleba, Gasto akimsindikiza. Editha alimtembeza kila mahali: mibuni, migomba iliyozaa ile yetu, ukingo wa kilima ulikokuwa ukikaa kusoma ukijificha kazi za nyumbani. Alimlisha senene, wale panzi wa kukaanga. Baba alikula moja, akafikiri, akasema, "Sasa naelewa kwa nini kichuri chetu, mchuzi mchungu wa matumbo, kilimshinda." Editha alicheka mpaka akakaa chini, na Baba anasema alicheka kama wewe, kwa bega. Walilia kidogo vilevile, wawili, kule shambani. Alikaa mpaka akaaminika kupewa panga akate mkungu.

Wakati wa kurudi, pale stendi ya mabasi, palikuwa na mtu ametandaza turubai la vitabu vikuukuu. Gasto alikwenda kuulizia basi. Aliporudi hakumwona Baba, akaingiwa na hofu, kisha akamkuta amechuchumaa katikati ya vitabu, kofia ameiweka chini. Alikuwa akifungua kimoja, anasoma mwanzo, anakirudisha.

"Baba, unamchagulia nani? Mjukuu hata kukaa hajajua."

"Huyu anaanza vibaya," Baba akasema, akakiweka kando kitabu alichokishika. "Najichagulia."

Basi lilipiga honi. Utingo akaita. Baba akafungua kingine, akasoma, akafunua ukurasa wa pili, midomo haichezi. "Hiki," akasema, akasimama.

Walikaa upande wa dirisha. Mbele, barabara ilipoinuka, ziwa likajitokeza lote, jeupe kwa jua, na Gasto akamgusa bega. "Baba, tazama!"

"Subiri," akasema Baba. "Nimalize ukurasa."

Misa ya kumshukuru Mungu kwa maisha yako itakuwa Jumamosi hii hapa kigangoni Morotonga, na baada yake chai nyumbani. Atakayekuwa na mahindi ya kupukuchua aje nayo. Baba atasoma.

Unakumbukwa na mumeo Mseti Nyamhanga, wanao Rhobi, Gasto na Agape, mkweo Danford, mjukuu wako Honoratha mdogo, dada yako Editha na ukoo wote wa Muleba, shemeji yako Simioni, ambaye ameshafika tangu juzi, jirani yako Teresia, mwalimu mwenzako Erasto, na wanafunzi wako wa Matongo na Mugumu popote walipo.

Pumzika, Mwalimu. Sisi tungali tunakutaja kila siku, na hatutaacha.